Mtungi mmoja wa hewa ni dakika ngapi? Kumbukumbu za kuzamia kwa wanaofanya kazi Ziwa Nyasa

Mara nyingi hapa tunazungumzia mabwawa ya sato na kambale, vifaranga na chakula chao. Leo naomba tushuke chini ya maji kabisa, kwa sababu kuna swali limenifikia mara tatu mwaka huu, na kila aliyeuliza ni kijana mwenye kazi ya kweli mkononi. Wa mwisho alikuja ofisini hapa Songea akitokea Mbamba Bay. Ameahidiwa kazi ya kukagua nyavu za vizimba na kutoa nyavu zilizonasa kwenye miamba. Baada ya shikamoo akauliza moja kwa moja: "Bwana samaki, hivi mtungi mmoja wa hewa ni dakika ngapi?"

Nikamuuliza na mimi: "Mfuko mmoja wa chakula cha kuku ni siku ngapi?" Akacheka. Akasema inategemea una kuku wangapi na wana umri gani. Basi jibu la swali lake analo mwenyewe. Mtungi hauna dakika zake. Dakika zinatokana na wewe unayevuta hewa, kina ulichopo na kazi unayofanya huko chini. Aliyekwambia "mtungi ni saa moja" alikupa dakika zake yeye, tena za siku moja.

Mimi nilijifunza kuzamia pwani, kwa fedha yangu, miaka kadhaa iliyopita, kwa sababu nilichoka kushauri watu kuhusu nyavu ambazo sijawahi kuziona zikiwa majini. Tangu siku ya kwanza naandika kila mzamo. Nilianza na kaunta buku, sasa natumia programu. Haya ninayokuandikia yametoka kwenye kumbukumbu hizo. Tafadhali usiyachukue kama mafunzo ya kuzamia. Mafunzo yanatolewa na walimu wenye vyeti, Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia, na usiingie majini na mtungi bila hayo. Hapa tunaongelea kumbukumbu na hesabu, vitu ambavyo wengi waliofundishwa huviacha wiki mbili tu baada ya kupata cheti.

Kwa nini hewa huisha haraka ukishuka

Tuanze na jambo moja la msingi. Ukifunga vizuri chupa tupu ya maji ukiwa Mbinga, ukateremka nayo hadi Mbamba Bay, utaikuta imebonyea. Hewa ya ziwani ni nzito kuliko ya milimani, inaibana ile chupa. Majini ni hivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi. Kila mita 10 unazoshuka kwenye maji baridi ya ziwa, mgandamizo unaongezeka kwa takribani bar 0.98. Baharini ni zaidi kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito.

Ziwa Nyasa liko takribani mita 470 juu ya usawa wa bahari. Hapo juu ya maji mgandamizo wa hewa ni kama bar 0.96, wakati ufukweni mwa bahari ni kama bar 1. Kwa hiyo ukiwa mita 10 chini ya Ziwa Nyasa, mwili wako unabanwa na 0.96 jumlisha 0.98, yaani bar 1.94. Ukiwa mita 18, ni kama bar 2.73.

Maana yake kwa mtungi ni hii: pumzi moja unayovuta ukiwa mita 18 inachukua hewa karibu mara tatu ya pumzi ile ile ukiwa juu. Mapafu ni yale yale, lakini hewa inayoyajaza imeshindiliwa. Ndiyo sababu mtu anayekaa muda mrefu akiangalia samaki kwenye mita 5 anashangaa hewa ikimkimbia kwenye mita 18.

Namba unayoitafuta

Mfugaji wa kuku wa mayai anajua kuku mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku. Mzamiaji naye anatakiwa ajue lita za hewa anazotumia kwa dakika moja kama angekuwa juu ya maji. Ukishaipata namba hiyo, unaweza kuipeleka kwenye kina chochote na mtungi wowote. Inatafutwa hivi:

1. Chukua bar ulizoanza nazo, toa bar ulizomaliza nazo.
2. Zidisha kwa ukubwa wa mtungi kwa lita. Mtungi wa alumini unaotumika sana una lita 11.1. Ukubwa wa mitungi mingi umegongwa shingoni, angalia.
3. Gawanya kwa dakika ulizokaa chini.
4. Gawanya kwa mgandamizo wa kina cha wastani.

Tuchukue mzamo wangu mmoja wa kawaida kwenye miamba, pale wanapokaa wale samaki wadogo wa rangi rangi. Nilianza na bar 200, nikamaliza na bar 70. Nimetumia 130. Zidisha 11.1, unapata lita 1,443. Nilikaa dakika 40, kwa hiyo ni kama lita 36 kwa dakika. Kina cha wastani kilikuwa mita 10, gawanya kwa 1.94. Jibu ni lita 18.6 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba yangu ya siku ile.

Kosa linaloua bila kelele

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika makala haya.

Kwenye mzamo huo kina kirefu nilichofika kilikuwa mita 18. Nilikaa huko muda mfupi, sehemu kubwa nilikuwa juu zaidi, ndiyo maana wastani ni mita 10. Watu wengi wanaotunza kumbukumbu huandika kina kirefu tu, kwa kuwa ndicho wanachokumbuka na ndicho wanachopenda kusimulia. Ukifanya hesabu ile ile kwa mita 18, unagawanya lita 36 kwa 2.73, unapata lita 13.2 kwa dakika. Namba inapendeza. Unajiona mzamiaji mkomavu.

Kesho yake unapata kazi kwenye nyavu zilizo mita 18, na safari hii utakaa huko huko chini muda wote. Una mtungi wa lita 11.1 wenye bar 200, na unataka kuondoka chini geji ikisoma 70. Una lita zile zile 1,443 za kutumia. Kwa namba yako ya uongo ya 13.2, unajipangia dakika 40. Kwa namba ya kweli ya 18.6, unatumia kama lita 51 kila dakika ukiwa kwenye kina hicho, na hewa hiyo ni ya dakika 28.

Dakika 12 hazipo. Uliziumba wewe kwenye daftari. Ukiwa mita 18 mikono imeshika wavu, dakika 12 ambazo hazipo ni jambo zito.

Kwa hiyo andika kina cha wastani. Kama una saa ya kuzamia, nyingi zinakuonyesha wastani wenyewe. Kama huna, gawanya mzamo vipande: dakika ngapi mita ngapi, halafu utafute wastani kama unavyotafuta wastani wa uzito wa samaki uliowapima bwawani.

Namba ya matembezi na namba ya kazi

Jambo la pili nililojifunza kwenye kumbukumbu zangu ni kwamba sina namba moja. Ninazo mbili. Nikiwa naangalia tu, naelea taratibu, natumia lita 17 hadi 19. Nikiwa nakata wavu ulionasa, au nasukuma jiwe, au kuna mawimbi yananiyumbisha, natumia lita 25 hadi 28. Mwili ule ule, mtungi ule ule.

Ukipanga kazi ya kizimba kwa namba ya matembezi, utakuwa kama mtu anayepanga mbolea ya ekari tano kwa kipimo cha ekari tatu. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zako weka alama: siku hii nilikuwa natazama tu, siku hii nilikuwa nafanya kazi, siku hii nilikuwa na baridi, siku hii nilikuwa na hofu. Baada ya mizamo kumi utaona mwenyewe mstari unavyojipanga. Halafu panga kazi ngumu kwa namba kubwa.

Bar 50 za akiba zinatosha?

Wengi wamefundishwa kufika juu wakiwa na bar 50. Sawa, lakini jiulize akiba hiyo ni ya nani. Huzamii peke yako. Mwenzako akiishiwa hewa, mtapanda wawili kwa mtungi mmoja, na mtu mwenye hofu hapumui lita 18.

Tufanye hesabu kwa mita 18. Kila mmoja apumue lita 30 kwa dakika kwa sababu ya taharuki, wawili ni 60. Dakika moja ya kushikana na kutulia chini: 60 mara 2.73, ni lita 164. Dakika mbili za kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kina cha wastani mita 9: lita 221. Dakika tatu za kusimama mita 5 ili mwili upumzike: lita 261. Jumla ni lita 646. Gawanya kwa 11.1, unapata bar 58.

Hiyo 58 ni ya kuondokea chini na kufika juu mtungi ukiwa mtupu, tena kama geji yako inasoma sawasawa, na geji nyingi hazisomi sawasawa. Ndiyo sababu mimi kwenye kina hicho naanza kupanda kwenye bar 70, hata kama kazi haijaisha. Wavu utaukuta kesho.

Programu inafanya nini, na haifanyi nini

Programu ninayotumia inaitwa Subsurface. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux, ambaye naye ni mzamiaji. Inafanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, na ukishaiweka huhitaji bando kuandika mzamo. Hilo ni jambo zuri kwa sisi ambao mtandao unatukimbia tukiwa ziwani. Ziko programu nyingine pia, na kanuni ni ile ile.

Kama una saa ya kuzamia inayoweza kuunganishwa, programu inavuta mzamo wote: kina kwa kila sekunde kadhaa, joto la maji, na inakutafutia wastani. Ukijaza bar za mwanzo na za mwisho, inakupa lita kwa dakika yenyewe. Baada ya muda unaona mizamo yako yote kwa mpangilio, unaona namba inapanda au inashuka.

Lakini programu ni kama mzani. Ukiweka jiwe itakupa uzito wa jiwe. Angalia mambo haya kila unapojaza:

- Ukubwa wa mtungi. Ukiandika lita 12 wakati mtungi ni 11.1, kila namba inayofuata imekosewa kwa asilimia 8. Ukiacha wazi, haina cha kuhesabu.
- Bar za kumaliza. Soma geji unapofika juu, andika hapo hapo kwenye mtumbwi. Usingoje jioni.
- Aina ya maji na mgandamizo wa hewa. Ziwa Nyasa ni maji baridi yaliyo juu ya usawa wa bahari. Kwenye hesabu ya hewa tofauti na baharini ni ndogo, kama asilimia 3 kwa mita 10. Kwenye mambo ya damu na mapovu, ambayo nayaeleza hapa chini, tofauti hiyo haifai kupuuzwa. PADI, shirika kubwa la mafunzo ya uzamiaji, linahesabu maji yote yaliyo zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari kuwa ya mwinuko, yenye taratibu zake. Ziwa letu limo.
- Maelezo mafupi ya kazi uliyofanya. Mstari mmoja unatosha.

Kama huna simu nzuri wala kompyuta, kaunta buku la kawaida linatosha kabisa. Piga mistari: tarehe, mahali, mtungi, bar kuanza, bar kumaliza, dakika, kina kirefu, kina cha wastani, kazi, saa ya kutoka majini.

Saa ya kutoka majini, na barabara ya Mbinga

Safu hiyo ya mwisho, saa ya kutoka majini, wengi huiona haina kazi. Kwa sisi wa Ruvuma naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Ukiwa chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta inayeyuka mwilini, kama gesi kwenye soda. Soda iliyofungwa haina mapovu. Ukifungua kizibo ghafla, inafoka. Mwili wako nao ukipunguziwa mgandamizo haraka, mapovu yanaweza kutokea kwenye damu, viungo na mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu tunapanda polepole na kusimama mita 5. Lakini hata ukishakaa kwenye mtumbwi, naitrojeni bado inatoka mwilini taratibu kwa saa nyingi.

Sasa tazama ramani yetu. Ziwa liko mita 470. Mbinga iko zaidi ya mita 1,200, na milima ya Umatengo inapanda zaidi ya hapo. Songea iko zaidi ya mita 1,100. Kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni takribani kilometa 170, na siku hizi ni lami. Lami hiyo tumeifurahia wote, kahawa na samaki vinafika sokoni haraka. Kwa mzamiaji, lami imefupisha muda wa kupanda mlima kuwa saa moja au mbili. Unatoka majini saa sita mchana, unapanda gari saa saba, saa tisa uko juu ya mlima ambako mgandamizo wa hewa umepungua. Umefungua kizibo cha soda.

Mtaalamu wa anga angekwambia usipande ndege. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, unasema subiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mwongozo huo unahusu mwinuko wa kuanzia kama mita 600 hadi 2,400. Mbinga na Songea zote zimo humo. Mlima haujui kama umekuja kwa ndege au kwa basi.

Namfahamu kijana mmoja aliyezama mara tatu asubuhi, akapanda gari mchana kuwahi msiba. Walipofika milimani bega likaanza kuuma, halafu vidole vikafa ganzi. Wenzake wakadhani ni kubeba mitungi, baadaye wakadhani malaria. Alipona, ila ilichukua wiki, na hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kumwonyesha daktari alikaa chini muda gani. Daktari alikuwa anauliza maswali ambayo daftari moja lingeyajibu kwa dakika moja.

Kwa hiyo: siku ya kuzamia, lala ziwani. Mbamba Bay na Liuli hazikosi mahali pa kulala. Panga mzamo wa mwisho ili usiku mzima na asubuhi vikuhesabie saa zako 18. Programu inakuonyesha mzamo wa mwisho ulimalizika saa ngapi. Jumlisha mwenyewe, halafu mwambie dereva saa ya kuondoka. Gharama ya kitanda cha usiku mmoja uiweke kwenye bei ya kazi unapoelewana na tajiri.

Ukiona maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzamia, usipande mlima wala usirudi majini. Mlaze mgonjwa, apewe oksijeni kama ipo, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu huko huko chini akiwa na daftari lake. Matibabu yenyewe yanahitaji chumba maalumu cha mgandamizo, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam tu ni zaidi ya kilometa 900. Usitegemee kukipata jirani.

Mambo mengine mafupi ya kuzingatia

- Mtungi ujazwe kwa kompresa ya hewa ya kupumua. Kompresa ya matairi inaweza kuingiza mafuta na moshi wa injini kwenye hewa yako.
- Usizuie pumzi unapopanda. Pumua muda wote.
- Kutumia mitungi kwenye uvuvi kunasimamiwa na kanuni. Kabla hujakubali kazi ya kukamata samaki, wa kula au wa mapambo, muone afisa uvuvi wa wilaya.
- Saa au geji ya kina iliyopimwa kwa maji ya chumvi itaonyesha kina pungufu kidogo ziwani. Angalia mipangilio yake.
- Kabla ya kukubali bei ya kazi, andika kwanza kina, namba yako ya kazi, na mitungi mingapi itahitajika. Tajiri akisema mtungi mmoja unatosha, mwonyeshe hesabu.

Ukianza leo, andika mizamo yako kumi ya kwanza kwa ukamilifu kabla hujajisifu kwa namba yoyote. Tafuta namba ya matembezi na namba ya kazi, ziandike nyuma ya jalada la daftari, na chini yake andika: saa 18 kabla ya mlima. Mwenye kizimba naye adai kuliona daftari hilo kabla mtu hajashuka kwenye nyavu zake.

Makala ijayo tutarudi bwawani, tutaangalia namna ya kupima oksijeni ya maji asubuhi.